Loki za Noah yangu zilipimwa mlango ukiwa wazi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo la milango ya gari. Najua kurasa za barua hujaa habari za bei ya mafuta, mashimo ya barabarani na mabasi yanayokimbizana, na loki ya mlango inaweza kuonekana jambo dogo mno. Mimi pia nililiona dogo. Niliacha kuliona dogo Februari mwaka huu, siku mjukuu wangu wa miaka minne alipofungiwa ndani ya gari langu mwenyewe, saa saba mchana, ufunguo ukining'inia kwenye swichi upande wa pili wa kioo.

Gari ni Toyota Noah ya mwaka 1998, ile ya umbo la zamani yenye injini chini ya viti vya mbele na mlango mmoja wa kuteleza upande wa kushoto. Nililinunua kwa kiinua mgongo nilipostaafu kufundisha fizikia hapa Tanga, na tangu hapo limekuwa gari la mtaa mzima. Limewahisha wajawazito hospitali ya Bombo usiku wa manane, limebeba maharusi, limebeba masufuria ya misiba. Kwa hiyo sizungumzii gari la kifahari. Nazungumzia gari la aina ambayo wasomaji wako wengi wanalo au wanalipanda.

Siku hiyo niliegesha Deep Sea, soko letu la samaki, kununua samaki. Nilizima injini, nikashuka, nikafunga mlango wa dereva ili nizunguke kumshusha mtoto kwa mlango wa kuteleza. Sikubonyeza chochote. Mlango ulipogonga tu kwenye fremu nikasikia "tak", na milango yote minne, ukihesabu na ule wa nyuma, ikajifunga. Vioo vyote vilikuwa juu kwa sababu ya vumbi la njiani. Mtoto alikuwa amesinzia kiti cha katikati.

Gari lililofungwa juani hupandisha joto upesi kuliko watu wanavyodhani. Katika dakika 10 za mwanzo ndani huongezeka nyuzi 10 hivi za Sentigredi juu ya joto la nje, na mwili wa mtoto mdogo hupata joto mara tatu hadi tano haraka kuliko wa mtu mzima. Mambo haya nimeyafundisha darasani kwa miaka mingi, sura ya joto na mnururisho, na siku ile nilisimama nayo kichwani nikitazama paji la uso la mjukuu wangu likianza kulowa. Aliamka akaanza kulia. Nilimwonyesha kwa ishara avute kitasa cha ndani. Alikivuta, mlango haukufunguka. Ndipo nikakumbuka kwamba hata loki ya umeme ingekuwa nzima, kitasa kile kisingefungua, maana mimi mwenyewe nilikuwa nimeweka loki ya watoto, kile kiswichi kidogo kilichopo kwenye ukingo wa mlango. Nilikiweka kwa kuogopa asije akafungua gari likitembea.

Kijana mmoja mpakua samaki alinivuta mkono akasema, "Mama, sogea." Akavunja kioo cha mlango wa mbele wa abiria kwa jiwe la kutilia nanga. Mtoto alitoka salama. Kijana yule hakutaka hata soda, akarudi kwenye matenga yake, na namshukuru hapa kwa sababu siku ile sauti ilinikauka.

Sasa nije kwenye kilichonifanya nishike kalamu. Loki zile hazikuanza kuugua siku ile. Zilikuwa na miezi mitano zikisumbua, na nilikuwa nimeshazipeleka kwa mafundi watatu. Mara zinafunga milango yote, mara mmoja, mara hazisikii kabisa. Fundi wa kwanza alibonyeza swichi mara mbili akasema kompyuta ya milango imekufa, nitafute nyingine, shilingi laki moja na elfu themanini. Hakufungua hata skrubu moja. Wa pili alifungua kava la mlango wa dereva, akapima kwa testa, akasema umeme unafika ila mota ya loki ndiyo mbovu. Nikaagiza mota ya mtumba kutoka Ilala, Dar es Salaam, ikaja na basi la jioni, akaifunga, ikafanya kazi siku mbili. Wa tatu alishauri tukate nyaya zote za zamani tufunge alamu mpya yenye loki zake na rimoti. Huyo nilimkatalia, na nashukuru nilimkatalia, kwa sababu nyaya za kiwandani zikishakatwa hakuna tena mtu wa kuja kufuata njia yake.

Sisemi mafundi wale ni wezi. Kila mmoja aliona kitu cha kweli. Walichokosa ni subira ya kuuliza: hitilafu inatokea lini, na haitokei lini?

Baada ya tukio la Deep Sea nilikaa na daftari. Kwa siku nne, kila nilipotumia gari, niliandika: mlango upi umesikia, amri ilikuwa kufunga au kufungua, mlango wa dereva ulikuwa wazi, nusu, au umefungwa, na jua au mvua. Siku ya nne jioni nilisoma kurasa zile nikaona kwamba nilichokiita ugonjwa mmoja kilikuwa magonjwa matatu yaliyokutana ndani ya gari moja. Ndiyo maana kila fundi alitibu akashindwa.

Kwanza, mlango wa dereva ukiwa wazi kabisa, loki zake zilitii karibu kila mara. Ukiwa umefungwa, ama kimya ama zinajifunga zenyewe. Pili, mlango wa kuteleza haukusikia amri hata siku moja, uwe wazi au umefungwa, mvua au jua. Tatu, mlango wa nyuma ulisikika ukinguruma kidogo bila kusogea, lakini ukiupiga kofi karibu na kitasa unafunga.

Naomba niwaeleze wasomaji jinsi loki hizi zinavyofanya kazi, maana ukilielewa hili hutaibiwa tena. Ndani ya kila mlango kuna mota ndogo, ya ukubwa wa ile inayozungusha magurudumu ya gari la kuchezea la mtoto. Ina nyaya mbili. Umeme ukipita huku, mota huzunguka upande mmoja na kusukuma kijiti cha chuma kinachofunga. Umeme ukigeuzwa, mota huzunguka upande wa pili na kijiti kinafungua. Anayegeuza umeme huo ni kisanduku cha rilei, yaani swichi zinazoendeshwa na umeme, na anayekiamuru kisanduku ni swichi iliyo mlango wa dereva. Umeme wenyewe hupita kwa sehemu ndogo tu ya sekunde, kisha unakatwa. Basi. Hakuna uchawi zaidi ya hapo katika gari la umri huu. Kama milango yote imekufa kwa pamoja na haitoi hata mlio, anza na fyuzi, kisha swichi ya dereva. Kama mmoja tu umekufa, kosa lipo kwenye mlango huo au njiani kuelekea huko, na hakuna sababu ya kuilaumu kompyuta.

Lakini hapa kwenye kupima ndipo nataka nikae kidogo, kwa sababu ndipo shilingi zangu zilipopotelea.

Testa ya yule fundi wa pili ilikuwa ya kalamu, yenye kitaa kidogo cha LED. Taa ya namna ile huwaka kwa umeme kidogo sana, sehemu ya mia ya ampea hivi. Sasa chukua waya ambao nyuzi zake za shaba zimekatika zote ikabaki moja. Uzi huo mmoja unatosha kabisa kuwasha LED, na mita ya kidijitali nayo itakuonyesha volti 12 safi. Lakini mota ya loki inataka ampea kadhaa. Ikidai ampea hizo kupitia uzi mmoja wa shaba ulioota kutu ya kijani, volti zinaishia njiani na mota haipati kitu. Hii ni kanuni ya Ohm, ya kidato cha pili: volti zinazopotea njiani ni mkondo mara ukinzani. Mkondo ukiwa mdogo hupotezi kitu, kwa hiyo kipimo chako kinakudanganya kwa uaminifu wote.

Nilichofanya ni kuchukua balbu ya indiketa, ya wati 21, nikaunga nyaya mbili kwenye kitako chake. Balbu hiyo hula ampea 1.75, yaani inaubebesha waya mzigo wa kweli. Nikaichomeka mahali pa mota, nikamwambia binti yangu abonyeze swichi tena na tena. Mlango ukiwa wazi, balbu iliwaka kwa nguvu, kufunga na kufungua. Nikausogeza mlango taratibu kuelekea kufungwa. Ulipofika nusu, balbu ilibaki nyekundu kama kaa linalozimika. Ulipokaribia kabisa, giza.

Mota ya zamani, niliyoitoa na kuilipia mbadala wake, ilikuwa nzima. Bado ninayo.

Fundi hupima mlango ukiwa wazi, kwa sababu ni vigumu kufungua kava mlango ukiwa umefungwa. Gari nalo hutumika mlango ukiwa umefungwa. Kati ya hali hizo mbili kuna mpira mweusi wenye mikunjo, unaotoka kwenye mlango na kuingia kwenye nguzo ya mbele karibu na bawaba, na ndani yake nyaya zote za mlango hupita: za loki, za vioo, za spika. Kila unapofungua na kufunga, nyaya hizo zinakunjwa mahali palepale. Hesabu mwenyewe: mara 10 kwa siku, kwa miaka 25, ni zaidi ya mara 90,000. Na mlango wa dereva ndio unaofunguliwa kuliko mingine yote.

Tulipouvuta mpira ule tulikuta waya mmoja wa mota umebaki na uzi mmoja, kama nilivyotabiri, na mwingine umekatika kabisa, ncha zake zikigusana tu mlango ukiwa wazi. Kilichonitia baridi ni nyaya mbili jirani zilizochubuka ganda zikabaki shaba tupu, mmoja wa amri ya kufunga na mwingine wa bodi, yaani chuma cha gari kinachounganishwa na upande hasi wa betri. Katika gari hili swichi ya dereva hutoa amri kwa kuugusisha waya na bodi. Mlango ukifungwa, zile shaba mbili zilikutana, na kisanduku kikaelewa kwamba dereva ameamuru milango ifungwe. Yule "tak" wa Deep Sea alitoka hapo. Kisanduku kilikuwa kinatii tu.

Kwa ukarabati sikurudi gereji. Nilikwenda kwa fundi redio wa Ngamiani ambaye siku nzima analehemu nyaya nyembamba kuliko hizi. Alikuja na vifaa vyake akakaa juu ya ndoo mbele ya mlango saa mbili unusu. Hakuzisokota nyaya na kuzizungushia tepu kama wengi wanavyofanya, kwa sababu kiungo cha kusokota kikiwekwa mahali panapokunjwa kitakatika tena kabla ya mwaka. Alikata sehemu yote iliyochoka, akaunga vipande vipya vya waya laini wenye nyuzi nyingi, akalehemu kwa risasi, na viungo akavipanga viangukie ndani ya mlango na ndani ya nguzo, siyo kwenye mikunjo. Juu ya kila kiungo alivika kile kimrija cha plastiki kinachonywea kwa joto. Kabla hajaanza nilichomoa waya hasi wa betri, na ninawasihi wengine msisahau hilo. Alinitoza shilingi elfu ishirini na tano.

Mlango wa kuteleza ulikuwa hadithi nyingine. Magari mengi ya zamani ya aina hii hayana waya unaoingia moja kwa moja kwenye mlango huo, kwa sababu mlango unasafiri kwenye reli. Badala yake kuna vitufe vya shaba vyenye springi upande mmoja na vibati vya kugusana upande wa pili, na umeme unavuka pale tu mlango unapofunga. Kwa hiyo loki ya mlango huo kutosikia mlango ukiwa wazi si ubovu. Kutosikia ukiwa umefungwa ndio ubovu. Sisi wa pwani tuna chumvi hewani, na chumvi hiyo ilikuwa imevila vitufe vyangu vikawa vya kijani, kimoja kimezama hakirudi. Msasa mwembamba, spiriti, kitambaa safi, na kukibonyezabonyeza kile kilichozama hadi springi yake ikaanza kukirudisha. Dakika 20. Mlango uliokuwa bubu siku zote nne za daftari ukafunga siku hiyohiyo, na mjukuu wangu akapiga makofi.

Wa nyuma una mota iliyochoka kweli. Kama loki inanguruma bila nguvu na ukiigonga kwa mpini wa bisibisi inaamka, kaboni zake, vile vijiti vinavyopeleka umeme ndani ya mota, zimelika, na hapo fundi anayesema nunua mota anasema kweli.

Nina maombi matatu, Ndugu Mhariri.

Kwa wenye magari: unapompelekea fundi gari, mpelekee na maelezo. Umwambie mlango upi, lini, ukiwa wazi au umefungwa. Akitaka kubadilisha kifaa, mwombe kwa heshima akuonyeshe balbu inayowaka mahali pa kifaa hicho. Ikiwaka vizuri na kifaa hakifanyi kazi, lipa. Isipowaka, kifaa kipya hakitakusaidia. Na akifungua kava la mlango, simama hapo hadi arudishe ile nailoni iliyobandikwa nyuma yake. Wengi huichana na kuitupa wakidhani ni takataka ya kiwandani. Nailoni hiyo ndiyo inayozuia maji ya mvua yanayopenya kwenye kioo yasirukie swichi na mota. Katika gari langu haikuwepo kabisa. Nimekata mpya kwenye nailoni nzito ya dukani.

Kwa wanaofundisha ufundi, hasa VETA, ambako nimepeleka wanafunzi wangu wengi na wamerudi watu wa maana: wapeni vijana muda mrefu zaidi wa kutafuta hitilafu. Kufunga na kufungua kifaa kijana atajifunza hata gereji ya mtaani. Kukaa mbele ya gari na daftari, kubahatisha jibu kisha kulijaribu, kunahitaji mwalimu aliye karibu. Wekeni gari moja kuukuu uani, mkate waya mmoja ndani ya mpira wa mlango, muwaambie wautafute bila kununua kitu.

Na kwa askari wa usalama barabarani: katika ukaguzi wa Wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani, naomba milango nayo ipewe uzito, hasa kwa magari yanayobeba watoto. Kipimo hakihitaji mashine. Mkaguzi aketi ndani, mlango ufungwe, ajaribu kutoka kwa kila mlango kwa mkono wake. Asipoweza kutoka yeye, na mtoto hataweza. Ile loki ya watoto nayo ielezwe kwa madereva: inafaa gari likiwa na mtu mzima karibu na mlango, na inageuka hatari pale ambapo loki za umeme haziaminiki. Nimekutana na madereva wawili wanaobeba wanafunzi ambao hawakujua kwamba kiswichi hicho kipo katika magari yao. Mmoja tulipokitazama kilikuwa kimewekwa tangu gari litoke Japani.

Mimi sasa ufunguo hautoki mkononi mwangu nikiwa nashuka, loki ziwe nzima au mbovu. Balbu ya wati 21 na nyaya zake ipo kwenye droo ya dashibodi, na majirani wameshaiazima mara nne. Jumamosi hii fundi redio anarudi na ndoo yake tufungue mpira wa upande wa abiria, maana nyaya zake zina umri uleule na hakuna aliyewahi kuzitazama.

Mwalimu mstaafu,
Chumbageni, Tanga